Kurasa Mia Tatu na Kumi na Mbili za Bi Ardis

Kufikia Jumatano saa nne asubuhi, Naibu Sherifu Reino Salmela alikuwa amekwisha kupokea maungamo kumi na moja, na hakuna hata moja lililohusu wizi aliokuwa akiupeleleza.

Mchungaji Lindgren ndiye aliyefungua dimba. Aliingia ofisini Jumanne mchana, akafunga mlango nyuma yake, akakiri kwamba zile pasti, mikate ya kujazwa nyama, zilizompa ushindi kwenye mashindano ya kanisa miaka sita mfululizo hakuwa akizioka yeye. Alikuwa akizinunua mji wa pili, anazipasha moto jikoni kwake, kisha anajipaka unga kidogo kwenye mikono ya shati kabla ya kutoka. Baada yake akaja karani wa posta, ambaye alikuwa akisoma postikadi za watu tangu mwaka 1971, na zile zenye habari mbaya alizichelewesha hadi Jumatatu ili mwenyewe amalize wikiendi yake kwa amani. Mwenyekiti wa halmashauri ya mji alieleza kuwa yule samaki mkubwa aliyetundikwa ukutani ofisini kwake, fahari ya mji mzima wa Pelto, hakumvua. Alimkuta ufukweni ameshakufa.

Reino aliyaandika yote kwenye daftari lake. Kila mmoja alitoka akiwa mwepesi, na kila mmoja, mkono ukiwa kwenye kitasa, aligeuka na kuuliza swali lile lile: vipi, mswada umepatikana?

Mswada ulikuwa wa Bi Ardis Kangas. Bi Ardis alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na minane alikuwa akiandika safu ya "Dirishani Kwangu" katika gazeti la *Mlinzi wa Pelto*, linalotoka kila Alhamisi. Aliandika nani kamtembelea nani, nani kateleza kwenye barafu na mbele ya nani, na bustani ya nani msimu huu inatia huruma. Alikuwa na vitabu vitatu, vyote mikusanyo ya safu hizo. Kila nyumba ya Pelto ilikuwa navyo, ama karibu na Biblia ama chooni, kutegemea mwenye nyumba alivyoandikwa.

Kitabu cha nne kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa maisha yake mwenyewe. Alhamisi iliyopita aliwatangazia wasomaji kwamba kimekwisha, kwamba ameandika humo yale ambayo gazeti halikuwa na nafasi nayo, na kwamba kila mtu aliyeyagusa maisha yake yumo. Mji wa watu mia nane ulisoma sentensi hiyo ya mwisho ukakosa hamu ya kula.

Jumanne asubuhi Bi Ardis alikuja kwa miguu hadi ofisi ya naibu sherifu, chumba kimoja nyuma ya kituo cha zimamoto, akaripoti kwamba kitabu kimeibiwa. Kurasa mia tatu na kumi na mbili, zilizopigwa kwa taipureta, nakala moja tu duniani. Zilikuwa ndani ya boksi la mabuti, kwenye rafu ya baraza yake ya vioo. Alilifunga boksi kwa kamba siku ya Ijumaa, akaapa kutoligusa tena asije akaanza kurekebisha. Mchapishaji wa mji wa Marquette alikuwa akilisubiri Ijumaa hii, na alikwisha kuwavumilia mara mbili, yeye na kitabu chake. Mlango wa baraza haukufungwa kwa ufunguo, kwa sababu ufunguo wake ulipotea enzi za mumewe marehemu na hakuna aliyeona haja ya kuutafuta.

Reino aliuliza kama hawezi kuandika upya. Bi Ardis aliweka mikono yake miwili juu ya meza. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba na kupinda kama mizizi.

"Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, Reino. Kitabu kile kimenichukua miaka mitano. Sina mitano mingine."

Kisha alisimama, akalalamika kuhusu matope ya theluji inayoyeyuka, akasema viatu vyake vya mjini vimeloa chapachapa kwa sababu hata mabuti yake hajui ameyaacha wapi tangu Jumamosi. Reino aliliandika na hilo pia. Alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Ambalo hakuliandika ni kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutajwa kwenye safu ile mwaka 1979, wiki yake ya kwanza kazini, alipojifungia ndani ya mahabusu yake mwenyewe na kufunguliwa na dereva wa gari la mikate.

Saa nne na robo mlango ulifunguliwa tena. Aliingia Waino Harju, mwenye duka la hadiwea, mwanamume aliyelazimika kuinama kwenye kila mlango wa mji ule. Chini ya koti lake kulikuwa na kitu chenye pembe nne. Reino alikuwa akimngojea. Bi Lempi Rautio, jirani wa Bi Ardis wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba pikapu ya Waino ilisimama mbele ya nyumba ya Bi Ardis Jumatatu mchana, wakati mji mzima uko kwenye maziko ya mzee Eero Mattila.

"Afande," alisema Waino, "nimekuja kujisalimisha."

"Vizuri. Umeiba kitabu."

"Nimeiba mabuti."

Aliliweka boksi mezani, akaketi, na kiti kikalia chini yake. Reino alimwambia aanze mwanzo. Mwanzo ulikuwa mwaka 1968, Waino alipokuwa dereva wa gari la mji la kusukuma theluji na, kwa kupita mara moja tu, akamfukia mama mkwe wake akiwa ndani ya gari lake. Alikaa humo saa mbili na nusu. Waino hajawahi kusema kama ilikuwa bahati mbaya, mama mkwe bado yu hai, ana miaka tisini na mmoja, na husoma kila kitu anachoandika Ardis kwa kioo cha kukuzia. Kwa hiyo Jumatatu Waino alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, akaingia barazani, akachukua boksi, akaondoka.

"Ulilifungua wapi?"

"Gereji. Nikakata kamba, nikafumba macho, nikasali, nikafumbua. Mabuti. Nikayatazama muda mrefu sana, afande. Nikadhani ni fumbo."

Alitaka kulirudisha siku ile ile, lakini Bi Lempi alikuwa dirishani, na kesho yake wizi ukawa umesharipotiwa. Asingeweza kueleza. Mke wake ndiye aliyemwambia aende, kwa sababu siku mbili hakumeza kitu ila kahawa.

Reino alivaa glavu, akalivuta boksi karibu. Kwanza aliitazama kamba. Waino alikuwa ameikata kwa kisu upande mmoja, na fundo lenyewe lilikuwa zima, fundo dogo, lililokazwa sawasawa, masikio mawili ya urefu uleule. Vidole vya Bi Ardis visingeweza kufunga fundo lile. Basi kuna mtu aliyelifungua boksi kabla ya Waino, akatoa kurasa, akatia mabuti ili uzito usipungue, akafunga upya.

Kisha aliyatoa mabuti. Yalikuwa ya Bi Ardis, ya mpira chini na ngozi juu, bitana ya sufu. Nje yalikuwa safi. Aliingiza mkono kwenye la kushoto, akakutana na karatasi. Buti zima lilikuwa limejazwa karatasi zilizokunjwa na kushindiliwa hadi kwenye vidole, kama watu wafanyavyo ili kiatu kilicholoa kikauke bila kupinda. La kulia vivyo hivyo.

"Hizo ndizo kurasa?" Waino alinong'ona.

Hazikuwa kurasa. Zilikuwa vipande virefu vyembamba vya karatasi ya gazeti, vimechapwa upande mmoja tu, na pembeni mwake kuna alama za penseli. Reino alinyoosha kimoja juu ya meza. Kilikuwa tangazo la kifo cha mzee Mattila. Mstari wa nne ulisema marehemu ameacha mjane na trekta, wote wakiwa katika hali nzuri. Penseli ilikuwa imechora duara kuzunguka maneno hayo na kuandika pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: *Tenganisha.*

Reino alihesabu siku. Mzee Mattila alikufa Jumanne ya wiki iliyopita. Tangazo lilipangwa na kusahihishwa Jumatano, gazeti likatoka Alhamisi. Bi Ardis alilifunga boksi Ijumaa. Mabuti aliyavaa mara ya mwisho Jumamosi, kabla ya kwenda sauna, bafu la mvuke, na hakuyaona tena. Waino alichukua boksi Jumatatu. Kwa hiyo mwizi wa kweli alifika barazani kati ya Jumamosi ya sauna na Jumatatu ya maziko, akiwa na karatasi za majaribio ya gazeti mfukoni, na katikati ya wizi wake akaona mabuti yamelowa, akashindwa kuyaacha hivyo.

"Mwizi gani huyo?" Waino aliuliza baada ya kuelezwa.

"Mwenye malezi," alijibu Reino, akainua simu.

Gordon Pascoe, mhariri wa *Mlinzi*, alikuwa na haraka, kama kawaida yake ya Jumatano. Reino aliuliza maswali mawili. La kwanza: karatasi za majaribio huenda wapi zikishasahihishwa? Gordon alisema anazichukua msahihishaji, anawashia jiko nyumbani kwake, na hakuna mwingine anayezitaka. La pili lilihusu viatu. Ndiyo, alisema, anayo tabia hiyo. Yeye Gordon mwenyewe huvua viatu vyake mlangoni pale ofisini, na kabla hajafika mezani kwake anakuta vimeshajazwa.

Reino alimwambia Waino aende nyumbani akale. Waino aliuliza kama atashtakiwa. Reino alisema ataangalia, akachukua kofia.

Bi Lempi Rautio alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na miwili, msahihishaji wa *Mlinzi* tangu siku ambayo Bi Ardis alianza kuandika, na kila Jumamosi tangu kabla ya hapo wawili hao walioga sauna pamoja. Alimtazama Reino miguuni mpaka akavua viatu. Jikoni, juu ya meza, kulikuwa na vikombe viwili, mkate wa iliki uliokatwa, na marundo mawili ya karatasi zilizopigwa taipureta. Kati ya marundo hayo kulikuwa na penseli.

"Sikuficha," alisema Bi Lempi, akimimina kahawa. "Hukuniuliza."

"Jana nilikuuliza kama umemwona mtu akiingia barazani kwa Bi Ardis."

"Nikakwambia nimemwona Waino. Mimi siwezi kujiona, Reino."

Reino aliketi, akafungua daftari, akauliza kwa utaratibu. Alijibiwa kwa utaratibu. Jumamosi, Ardis akiwa bado anavaa kule sauna, Lempi alitangulia kurudi, akapitia barazani, akafungua boksi. Mabuti yalikuwa pale chini ya rafu, yanachuruzika maji, kwa sababu Ardis alikuwa ameondoka na ndala. Karatasi alikuwa nazo kwenye mkoba. Alikusudia kusoma na kurudisha Jumapili. Lakini yeye hawezi kusoma bila kusahihisha, na Ardis hajawahi kuwa na uhusiano mzuri na koma. Jumatatu alitoka maziko nyuma ya Waino, akamwona akiingia barazani, akaenda akakuta boksi halipo, na mahali pa kurudishia hapapo tena. Sasa alikuwa ukurasa wa mia mbili na sabini na moja.

"Ulitaka kujua nini, Bi Lempi?"

Mama yule alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. "Nilitaka kuona alivyoniandika, kabla watu hawajaona."

"Na alikuandikaje?"

"Mbwa wa Waino ametajwa mara tisa," alisema. "Wewe uko ukurasa wa mia moja themanini na nane. Mimi bado sijafika."

Reino aliutafuta ukurasa wa mia moja themanini na nane kwenye rundo la kushoto. Pale ambapo Bi Ardis aliandika kwamba naibu aliyejifungia mahabusu alilia kama ndama, penseli ilikuwa imefuta na kuweka *aliita kwa sauti*. Aliurudisha ukurasa mahali pake kwa heshima. Sheria ilimtaka abebe marundo yote mawili pale pale. Alitazama saa yake, akatazama rundo la kulia, ambalo lilikuwa dogo.

"Zimebaki ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Basi malizia."

Alikunywa vikombe vitatu na kula vipande vinne vya mkate. Bi Lempi alisoma akiwa ameegemea mbele, penseli ikishuka na kupanda. Mara moja alicheka, akasahihisha alichokicheka. Alipofika ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili, akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha alizigonga kingo za rundo mezani zikawa sawa.

"Simo," alisema.

Mtu aliyeandika "Dirishani Kwangu" miaka thelathini na minane hakuhitaji kuitwa. Gari la sherifu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya jirani yake kwa saa moja na dakika kumi, na sasa Bi Ardis alikuwa jikoni, hana koti, viatu vya mjini vikiacha maji sakafuni. Aliyatazama marundo. Alimtazama Lempi. Alishika kiti.

"Lempi. Ni wewe?"

"Ulisema kila mtu aliyeyagusa maisha yako yumo," alisema Lempi bila kuinua macho. "Nimetafuta mpaka kwenye shukrani. Umemshukuru fundi wa taipureta."

Bi Ardis aliketi taratibu. Reino alitazamia hasira, kwa maana alikwisha kuiona safu ya Bi Ardis ikimtoa mtu mjini. Haikuja. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayekumbuka bei ya zamani ya kitu, kama Lempi anaukumbuka mwaka hamsini na sita.

"Niliandika jinsi ulivyomfukuza dubu kwa ndoo ya sauna, uchi kama ulivyozaliwa. Nani aliikata?"

"Ilikuwa ndefu."

"Sitini na tatu, ulipowafundisha watoto wa wachimba mgodi kusoma, hapa hapa kwenye meza hii."

"Haikuwa na umuhimu kwa msomaji."

"Sabini na mbili. Nilijua utakata, nikatia maneno manne tu. *Rafiki yangu Lempi alikuwepo.*"

"Sentensi ilisimama vizuri bila hayo."

"Kila nilipoandika jina lako, lilirudi lina mstari juu yake," alisema Bi Ardis. "Miaka mingi. Nikasema basi, mwenzangu hataki. Nikaacha kukuudhi. Kitabu hiki nimekiandika nikiruka ruka, kama mtu anayepita nyumbani kwake asiingie."

Bi Lempi aliitazama penseli kana kwamba kuna mtu kaileta na kuisahau.

"Nilikuwa nasahihisha," alisema.

"Najua."

Reino alikohoa. Alieleza kwamba kwa mujibu wa taratibu inabidi amuulize mlalamikaji kama anataka kuendelea na mashtaka. Bi Ardis alimgeukia kama aliyeshangaa kumkuta pale. Alisema haoni wizi wowote. Kitabu kilikuwa kwa msahihishaji, ambako vitabu huenda. Kuhusu Waino, mabuti yarudishwe, na mama mkwe wake ameandikwa ukurasa wa tisini, na anasema alijua tangu siku ile kwamba ilikuwa makusudi, na angekuwa yeye angepita mara mbili. Kama Reino anatafuta kazi, taipureta iko barazani na ni nzito.

Reino akavaa viatu, vilivyokuwa vimeshajazwa karatasi, ikabidi azitoe kwanza. Akavuka matope, akarudi na taipureta kifuani kama mtu aliyebeba jiwe la kaburi. Waliweka mashine kati ya marundo. Bi Ardis alitia karatasi safi, akaivuta kwa kiganja kwa kuwa vidole havikuweza.

"Leo na kesho," alisema. "Hizo ni kurasa mbili. Niambie nianzie wapi."

Bi Lempi alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba Reino, aliyekuwa akitia koti, aliacha mkono mmoja nje.

"Anzia Oktoba ya sitini na sita," alisema hatimaye. "Mume wangu Onni aliposhuka mgodini asipande. Ulikaa hapa siku nane. Ulipika, ukapiga deki, ukawajibu watu mlangoni. Mji mzima ulikuwa unangojea uandike. Alhamisi ikafika, nikaletewa safu niisahihishe, kwa mikono hii. Ilikuwa habari ya maboga."

"Ilikuwa safu mbaya sana," alisema Bi Ardis.

"Mji ulitaka msiba wangu, ukawapa maboga. Sijawahi kukushukuru. Sikugusa hata koma moja siku ile. Nenda kaangalie."

Bi Ardis alishusha kidole kimoja kilichopinda, akakigonga, akatafuta herufi ya pili. Reino aliondoka kinyumenyume ili asikanyage maji, na kutoka mlangoni aliweza kuuona mstari wa kwanza ukitoka: jina la Onni lilikuwa na "n" moja, na sentensi yenyewe ilianza kwa herufi ndogo.

Bi Lempi naye aliliona. Penseli ilikuwa pale pale, karibu na kisahani chake. Aliinyanyua mikono yake yote miwili, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia.

"Endelea," alimwambia.